Kitabu cha Barua za Mizigo

Wiki iliyopita tulimzika mama mkwe wangu, Bi Tatu, hapa Visiga, na siku ya tatu, watu wakiwa bado mikekani, mashemeji zangu wakaniita kando ya jiko wakaniambia wamepatana jambo. Kwa kuwa hitma ya mama itasomwa Ijumaa, na wali utapikwa, na mwalimu atakuwepo, basi na Shomari naye asomewe humo humo, mambo yaishe kwa pamoja. Walisema hivyo, yaishe kwa pamoja, kama watu wanaosuuza sufuria mbili kwa maji yale yale. Shomari ni mume wangu. Alikwenda vita vya Burma na hajarudi, na mpaka leo hajasomewa hitma, kwa sababu mama yake alikataa na mimi nilikataa. Niliwajibu kwamba yeyote atakayetaja jina la mume wangu siku ya Ijumaa, nitamwaga chungu cha wali mbele ya wageni wake. Wakanitazama. Mmoja akacheka, akasema, huyu si ndiye yule wa Kijapani, mnamwuliza nini? Kisa hicho cha Kijapani wanakisimulia kwenye matanga na kwenye ngoma ili watu wacheke, na kila anayekisimulia anakosea. Mimi mwaka ule sikucheka. Mwaka ule niliishi na hofu tangu nafungua macho mpaka nayafumba, na nataka kuiandika hofu hiyo mwenyewe, ilivyokuwa, kabla hawajaigeuza ngano kabisa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto mmoja, Zuhura, aliyekuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, na hapo Visiga hapakuwa na mwanamke mwingine wa kusema hivyo, kwa hiyo karatasi yoyote iliyoingia nyumbani kwetu ilipita mikononi mwangu kwanza na mwisho. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, vyumba viwili na ukumbi katikati, changu kulia, cha Mama kushoto. Kuta zilikuwa hazikufika paa. Ukilala kitandani kwako ulisikia mwenzako anavyogeuka kitandani kwake, na ulisikia mazungumzo yote, utake usitake. Chumbani kwangu palikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la Shomari lenye kufuli isiyofunga, gunia la makopa ya muhogo tuliyoyaanika kutoka shamba letu la Zegereni, na sahani mbili nyeupe za bati zilizonakshiwa kwa rangi ya samawati ukingoni. Sahani hizo tulizinunua kabla ya vita, na zilitoka Japani, kama zilivyotoka Japani nusu ya nguo tulizovaa. Hakuna aliyekuwa ameona ubaya wake wakati ule.

Siku iliyoleta barua, Mama alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, nami napepeta mchele. Kondo, tarishi wa boma la Kisarawe, alifika na baiskeli yake, akanipa bahasha, na hakuomba maji. Yeye kila mara aliomba maji. Nikaifungua. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari minne, imepigwa chapa. Ilisema askari fulani, namba fulani, hajulikani alipo, na inadhaniwa ametekwa na Wajapani. Niliisoma mara mbili, na mara ya pili herufi zilikuwa zinatembea. Mama hakuinua uso. Aliuliza tu, "Anasemaje?" Nami nikasikia mdomo wangu unajibu kabla yangu. "Amehamishwa, Mama. Hajambo. Anakusalimu sana." Akasema Alhamdulillahi, na nazi ikaendelea kukunwa.

Watu wananiuliza kwa nini nilimdanganya mzazi. Nitawaambia. Juma moja tu kabla ya hapo, nikiwa kitandani kwangu nanyonyesha, nilimsikia Mama na jirani yake wakizungumza ng'ambo ya ukuta juu ya mwanamke wa huko Mlandizi aliyepata karatasi ya namna hiyo. Jirani alisema masikini, karatasi haikusema kafa, ilisema kapotea. Mama akamjibu kwamba karatasi ya serikali ikishakuja imekuja, hao Wazungu wanaona haya tu kusema, asomewe mtoto wa watu apumzike, na mke akae eda aache kuchungulia barabarani. Hakulisema kwa ubaya. Aliona ni huruma. Lakini mimi nilijua maana yake. Mtu akishasomewa hitma, hakuna anayemtafuta tena, na hata akitokea barabarani na buti zake miguuni, watu watamkimbia. Sikuwa tayari kumzika mume wangu kwa mistari minne. Nikaificha barua ndani ya gunia la makopa, na tangu siku hiyo kila kengele ya baiskeli ilinitoa mlangoni kabla ya Mama.

Wazo la kuandika lilitoka shuleni. Mwalimu wetu alikuwa ametueleza kwamba hata vitani mateka huandikiwa barua, na adui huzipokea. Nikakaa nalo. Nikajiuliza, barua ya Kiingereza nani ataisoma huko? Mtu unayepigana naye, akikuletea karatasi kwa lugha ya adui yako, utaiwashia moto wa chai. Kiswahili ndiyo kabisa. Basi niandike kwa lugha yao. Mtu mwenye akili timamu angecheka hapo na kuliacha. Mimi sikuwa na akili timamu, nilikuwa na hofu, na hofu haichoki.

Kule Maili Moja palikuwa na duka la Mhindi mmoja, Jetha, mtu mnene mwenye kikohozi. Karatasi zilikuwa zimeadimika kwa vita, na Jetha alifungia vitu kwa chochote alichokipata. Siku hiyo nilinunua sukari, akaiviringia karatasi kama pembe, nami nikiwa njiani nikaiona: upande mmoja herufi za Kiingereza, upande wa pili vijumba vidogo vidogo vya mistari vilivyopangwa kutoka juu kwenda chini. Nikarudi dukani nikikimbia, sukari inamwagika. Jetha akadhani nimekuja kugombana juu ya mzani. Nilipomwonyesha karatasi, alitazama mlangoni kwanza. Akanieleza, kwa sauti ndogo, kwamba Dar es Salaam palikuwa na duka la nguo la Wajapani, na Japani ilipoingia vitani wenye duka walikamatwa, na serikali ikauza vilivyobaki kwa mnada. Yeye alinunua kasha la karatasi kwa ajili ya kufungia, na ndani yake mlikuwa na vitabu. Vilivyobaki ni vitatu. Nikamwomba nivione. Akanipeleka nyuma, kwenye magunia ya chumvi.

Nilikwenda kuviangalia siku tatu mfululizo, na kila siku vilikuwa vimepungua kurasa, kwa sababu watu waliendelea kununua karanga. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kimeandikwa na Mzungu, sarufi ya Kijapani kwa wasomaji wa Kiingereza. Hicho ndicho mwalimu yeyote angekuchagulia. Kilikuwa na kanuni, mazoezi, na majibu nyuma, na mtu anayejifundisha peke yake anahitaji majibu nyuma kuliko anavyohitaji chakula, maana hana wa kumwambia amekosea. Lakini kurasa arobaini za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na karanga. Kilianzia katikati ya vitenzi, kama mtu anayekuhadithia kisa bila kukwambia ni cha nani. Cha pili kilikuwa cha watoto wa shule wa kwao, chenye picha: mbwa, mti wenye maua, bendera, kisha askari amesimama wima amepiga saluti. Kilikuwa kizuri na kizima, herufi zake kubwa, na hapakuwa na neno hata moja la Kiingereza. Mtoto wa kwao anao mama na mwalimu wa kumwambia hili ni mbwa. Mimi ningemwona mbwa na nisijue anaitwaje. Na yule askari nilipomfungua, nilimfunika upesi kwa kiganja. Cha tatu kilikuwa chembamba na kichafu, jalada lake limeliwa na mende. Kilikuwa kitabu cha barua, cha makarani wa biashara ya nguo. Kila barua ilikuwa mara tatu: kwa Kiingereza, kwa herufi zao, na kwa herufi zetu ili ujue kusoma. Barua ya kuagiza majora. Barua ya kuuliza meli. Barua ya kulalamika kwamba mzigo haujafika.

Nilisimama pale kati ya chumvi nikiishika ile ya mzigo haujafika, na nikajua. Mtu akiniuliza leo jinsi ya kuchagua kitabu cha kujifundishia lugha, sitamwambia atafute kilicho bora. Nitamwambia ajiulize ana neno gani moja la kusema, kisha atafute kitabu ambacho kitamfikisha hapo kabla moyo haujamkatika. Kwa sarufi ile ningekuwa msomi baada ya miaka mitatu. Sikuwa na miaka mitatu. Lakini nitasema pia nilichokosea, kwa kuwa nimesema nitaandika ilivyokuwa: nilichagua kwa woga, na aliyechagua kwa woga hutazama mlango mmoja tu. Sikujiuliza kama kitabu cha majora kina maneno ya watu.

Jetha alisema anaweza kunipa kimoja, si vyote, na si bure, kwa sababu bila karatasi duka limefungwa. Alitaka karatasi kwa karatasi. Nilikuwa na madaftari yangu ya sekondari, nimeyafunga kwa uzi ndani ya sanduku la Shomari. Nikayaleta. Akaweka kitabu sahani moja ya mzani na madaftari yangu sahani ya pili, akaongeza daftari, akapunguza, mpaka mkono wa mzani ukatulia. Hesabu zangu zikaenda, na jiografia, na insha iliyokuwa na alama ya juu kuliko darasa zima. Wiki zilizofuata Visiga yote ilikula karanga kutoka kwenye mwandiko wangu, na mara mbili nilisimamishwa njiani nikasifiwa. Jetha alininong'oneza neno moja tu nilipokuwa nakitia kitabu ndani ya kanga. "Wakikikamata, mama, mimi sikujui. Wewe ulikiokota."

Nikaanza kujifunza. Asubuhi Mama alipokwenda Zegereni, nilifunga mlango, nikakitoa kitabu ndani ya makopa, kinanuka muhogo. Karatasi ya kuandikia sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingethubutu, kwa sababu karatasi hubaki. Niliandika kwenye sahani ya bati. Nilikuwa na kipande cha kalamu ya kopi, ile kalamu ya makarani ambayo ukiilowesha hugeuka zambarau. Niliisaga risasi yake, nikaichanganya na maji kidogo, nikachovya kijiti, nikachora herufi moja mara ishirini kuzunguka sahani, kisha nikaiosha, nikachora nyingine. Hakikubaki kitu. Mara nyingi herufi iliniotea miguu mitatu pale penye miwili, nikaosha nikaanza upya. Sauti ya maneno sikuijua. Niliyatamka kama yalivyoandikwa, polepole, mdomo wazi kidogo tu, na Zuhura akanitazama kutoka sakafuni akayarudia. Hapo niliogopa kuliko siku zote. Mtoto anaweza kusema neno lolote mbele ya mtu yeyote.

Baada ya miezi minne nilikuwa na barua. Niliinakili kwenye karatasi moja tu, ile niliyofungiwa sukari, mahali palipokuwa peupe, nikaiviringa juu ya kipande cha kalamu, nikavificha pamoja. Nilichokuwa sijui ni nani wa kumpa aipeleke.

Kisha asubuhi moja Zuhura aliamka na homa. Mama hakwenda shamba. Nilikuwa bado najizoeza herufi, na nilikuwa nimeandika alfajiri, kabla nyumba haijaamka, na Mama alipoamka alikaa ukumbini penye mtungi wa maji, kwa hiyo nilifunika sahani kwa kawa, nikaiacha chini ya kitanda, nikaenda kisimani nikisema nikirudi nitaiosha. Niliporudi, ndoo ikiwa bado kichwani, Mama alikuwa ameketi ukumbini na mtoto mapajani, sahani iko mkekani, nyeupe, safi. Midomo ya Zuhura ilikuwa zambarau. Kidevu, shingo, kifua cha gauni, vyote zambarau.

"Mbona hukuniambia kama umelileta?" alisema Mama, na alikuwa amefurahi. "Mtoto anaungua, kombe umelifunika chini ya kitanda."

Kwetu mgonjwa huandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ikaoshwa kwa maji, akanywa. Hilo ndilo kombe, na mama mkwe wangu alikuwa amewanywesha watoto wake wote tisa. Hakujua kusoma. Aliona sahani nyeupe, aliona maandishi yamezunguka ukingo, aliona rangi si ya zafarani, akajiambia hata zafarani imeadimika kwa vita, mwalimu katumia alichonacho. Akasema bismillahi, akaosha, akamnywesha mjukuu wake mpaka tone la mwisho. Nani mwingine duniani angekosea hivyo? Na nani angemlaumu?

Ndoo ilianguka. Shuleni tulikatazwa hata kuilamba kalamu ile. Tuliambiwa ni sumu. Nami nilikuwa nimesaga nusu kipande. Nikamwambia si kombe. Akauliza ni nini basi. Nikasema ni wino.

"Wino wa aya gani?"

"Si aya, Mama."

Akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, akamvuta mtoto kifuani, mbali nami. Nilielewa anachokiwaza. Mwanamke anayeandika kitu kisicho aya, kwenye sahani, kwa siri, chini ya kitanda: kwetu jina lake linajulikana. Sikuwa na nafasi ya kujitetea. Zuhura alitapika, na matapishi yalikuwa zambarau. Niliingia chumbani nikachukua kipande cha kalamu ili daktari aone ni kitu gani, nikakifunga pindoni mwa kanga pamoja na karatasi iliyokizunguka, na tukatoka.

Zahanati ilikuwa Kisarawe. Tulikata porini, tukavuka reli Soga, tukapanda vile vilima jua likiwa utosini. Mama alimbeba mtoto mgongoni na hakuniachia hata mara moja. Nilipomwomba, alisema nimetosha kumshika. Nilitembea nyuma yake nikitazama kichwa cha mwanangu kikiyumba, nikisikiliza kama analia. Alipolia niliogopa, aliponyamaza niliogopa zaidi.

Dresa wa zahanati, msaidizi wa daktari, alikuwa mtu mfupi wa aproni nyeupe. Aliuliza mtoto amekula nini, na Mama akasema kombe, na mimi nikasema si kombe, ni kalamu ya kopi. Akataka kuiona. Nikafungua pindo, nikampa vyote, kalamu na karatasi yake. Alimnywesha mtoto maji ya chumvi akamtapisha, kisha maziwa, kisha akamtapisha tena, mpaka kilichotoka kikawa cheupe. Akaninong'oneza kwamba hawezi kuahidi, tutajua asubuhi. Hapo ndipo alipoigeuza karatasi mkononi.

"Hiki ni Kichina?" aliuliza.

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningeitikia tu, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa nimedanganya miezi minne na mtoto wangu amelala mezani midomo zambarau, na uwongo ulikuwa umenikauka. "Kijapani," nilisema. Yeye ndiye aliyeogopa sasa. Akaniambia, dada, hili mimi siwezi kuliona halafu nikanyamaza, nina watoto.

Akatupeleka bomani. Bwana Shauri, afisa wa serikali pale wilayani, alikuwa Mzungu kijana, macho mekundu kwa mafua, na karani wake pembeni. Mlango ulikuwa wazi, na Mama alikuwa ameketi kibarazani, hatua tatu kutoka nilipo, amempakata Zuhura. Kwa hiyo nilianza kwa Kiingereza. Nilieleza vizuri, kwa adabu: mume wangu, barua ya jeshi, kitabu, barua yangu. Nilidhani nitapita hapo na Mama asijue. Bwana Shauri alinisikiliza mpaka mwisho, akapenga kamasi, akasema kwa Kiswahili, "Sema Kiswahili. Karani anaandika Kiswahili."

Nilimwomba kwa macho. Akagonga karatasi kwa kidole. "Hapa pameandikwa nini? Soma."

Basi nikaisoma, kwa Kiswahili, mama yake akisikia.

"Kwa heshima, tunaomba kuwaarifu kwamba mzigo wetu mmoja, uliopakiwa Dar es Salaam kuelekea Burma, haujatufikia. Alama za mzigo: kovu juu ya jicho la kushoto, kidole kidogo cha mkono wa kulia kimepinda. Jina la mzigo: Shomari. Tunaomba mtufahamishe kama mzigo umepotea, umeharibika, au upo ghalani kwenu. Kama upo ghalani, tafadhali uwekwe mahali pakavu, na usirushwe."

Karani alikuwa ameacha kuandika. Bwana Shauri akaniuliza kwa nini nimeandika mzigo. Nikamwambia kitabu hakina neno la mume. Kina neno la meli, la ghala, la jora, la mteja mheshimiwa. La mume hakina, na hata jicho na kidole nilivichora kwa picha tu. Nililisema kwa hasira, na hasira ile naisikia mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nimemgeuza mtu mzima kuwa robota la nguo ili niweze kumwuliza, na hata hivyo nilikuwa naulizwa mimi. Bwana Shauri akaikunja karatasi, akaitia jaladani. Akasema kuwa na maandishi ya adui ni kosa, ataniachia kwa ajili ya mtoto, lakini kesho asubuhi tarishi atakwenda Visiga kukichukua kitabu, na nikirudia nitafungwa.

Nilipotoka, Mama alikuwa ameshatangulia kurudi zahanati. Jioni yote pale barazani alimpangusa mtoto kidevu kwa pindo la kanga. Nilingoja alie, au anipige, au aseme neno hitma. Asubuhi Zuhura alikojoa mapajani mwa Mama, mkojo wa zambarau, kisha akafumbua macho akasema anataka uji. Dresa akaja, akamfunua jicho, akacheka peke yake. Mama akaukunja upande wa kanga uliolowa, taratibu, na ndipo aliposema.

"Miezi minne mwanangu kapotea, Mama Zuhura. Nilikuwa nakula. Nilikuwa nakula na kuomba niongezwe."

Nikamwambia nilimwogopa. Kisha akaniuliza, akitazama bondeni, kama kitabu kile kina barua ya mzigo uliopatikana. Nikamwambia ipo, iko karibu na mwisho. Akauliza kama ninaijua. Nikasema sikuwa nimefika.

"Kondo ameondoka?"

Alikuwa ameondoka, nilimwona akitia upepo magurudumu. Mama akasimama, akamfunga mtoto mgongoni, akasema baiskeli lazima izunguke kwa barabara, na alishuka vile vilima kwa mwendo ambao mimi, mikono mitupu, sikuuweza.

Hatukumuwahi. Tulipofika alasiri, Kondo alikuwa ameketi barazani kwetu, baiskeli imeegemea ukuta. Lakini hakuwa ameingia. Tarishi au si tarishi, alikuwa mtoto wa watu, haingii nyumba ya wanawake wenyewe hawapo. Akaamkia shikamoo, Mama akaitikia marahaba, na Kondo akasema kwa haya kwamba tumpe hicho kitu awahi, jua linakwenda. Nikaingia nikakitoa kwenye makopa. Alinyoosha mkono. Mama akapita kati yetu, akakamata tandiko la baiskeli kwa mikono miwili.

"Hajamaliza kusoma," alimwambia.

"Shangazi, nitafungwa mimi."

"Tutafungwa wote. Mama Zuhura, soma."

Nilifungua karibu na mwisho. Nikaisoma barua kwa herufi zetu, sijui kama Mjapani yeyote angeielewa. Nikamweleza kila neno. Nimotsu, mzigo. Tashika ni, bila shaka yoyote. Uketorimashita, tumeupokea. Mama akarudia nyuma yangu kama tunavyorudia kwenye chuo cha Kurani, mwalimu akisema, wanafunzi wakiitikia, mwili ukiyumba mbele na nyuma, na mjukuu wake mgongoni akayumba naye. Neno la mwisho lilimshinda ulimi. Akalirudia, likamshinda, akalirudia. Kondo alikaa chini tena, akatazama pembeni. Mama hakuliachia tandiko mpaka neno limemkaa mdomoni.